Aliyemuua Chiloba Hakutoka Mbali

Wasee, leo mtanikasirikia pande zote mbili. Niko tayari. Wale wa "hao wamelaaniwa" mtaleta aya kwa komenti. Wale wa "sisi ni watetezi" mtaingia inboksi mniambie nimewaanika watu. Karibuni nyote, nafasi iko. Ila msome mpaka chini kwanza, ndio tugombane kwa adabu.

Ninachosema ni hiki. Mapenzi ya jinsia moja yana kichapo kama mapenzi mengine yoyote. Kuna makofi, kuna kukabwa shingo, kuna kufungiwa nje usiku wa mvua, kuna kunyang'anywa simu na pesa za chakula. Na huyo anayepiga ana ulinzi ambao hata mume anayempiga mkewe hapa kijijini hajawahi kuupata wote: sisi sote tumemzunguka. Anayemchukia shoga anamlinda. Anayemtetea shoga naye anamlinda. Halafu maiti ikipatikana tunaulizana imekuwaje.

Tuanze na mtu mnayemjua.

Edwin Chiloba alikuwa na miaka 25. Alikuwa mwanamitindo na mbunifu wa mavazi kule Eldoret, na hakuficha kwamba ni shoga. Alivaa alivyotaka, akaongea alivyotaka. Usiku wa kufunga mwaka wa 2022 alitoka kujivinjari kama vijana wengine wote wa Kenya. Mwanzoni mwa Januari 2023 mwili wake ulipatikana ndani ya sanduku la chuma, limetupwa kando ya barabara nje ya mji. Kila mtu aliyesoma bweni anajua ukubwa wa sanduku la chuma. Fikiria hiyo picha polepole. Mpasuaji wa serikali, Johansen Oduor, alisema alikufa kwa kukosa hewa. Mdomoni alikuwa amejazwa soksi.

Zile siku za kwanza, karibu kila mtu alikuwa na jibu. Wanaharakati hapa na ng'ambo walisema ni chuki, na walikuwa na sababu ya kuwaza hivyo: Aprili 2022, Sheila Lumumba alikuwa ameuawa kikatili kule Karatina. Wengine mtandaoni walisema Mungu amefanya kazi yake. Wote wawili, anayelia na anayecheka, walikuwa na picha moja kichwani: watu wasiojulikana, gizani, wamemvamia kwa sababu ya alivyo.

Halafu polisi wakamshika Jacktone Odhiambo, mpiga picha. Hakutoka gizani. Alikuwa anaishi naye nyumba moja, na alikuwa mpenzi wake. Desemba 2024, Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret alimpata na hatia ya mauaji akamfunga miaka 50.

Wahenga walishasema: kikulacho ki nguoni mwako. Na sisi tulikuwa tunaangalia barabarani.

Sasa angalia tulivyofanya baada ya kujua. Upande mmoja ukapiga makofi: "Si mnaona? Wanauana wenyewe." Upande wa pili ukaishiwa maneno. Ile hasira ya wiki ya kwanza, ya mabango na mishumaa, haikujua iende wapi. Ni rahisi kuandamana dhidi ya chuki ya watu wa nje. Utaandamanaje dhidi ya mpenzi? Bango litasema nini? Kwa hivyo wengi wakarudi kuita yule mtu "mwenzake wa nyumba", stori ikaishia hapo.

Linganisha na hizi mbili, za huku huku kwetu Bonde la Ufa. Agnes Tirop, mwanariadha wetu, aliuawa Iten Oktoba 2021 na mumewe akashtakiwa. Rebecca Cheptegei, mkimbiaji wa Uganda aliyekuwa na nyumba Endebess, alimwagiwa petroli na kuchomwa moto Septemba 2024 na mwanaume waliyekuwa wapenzi. Alifia Hospitali ya Rufaa ya Moi, Eldoret. Kwa hao wawili lugha yetu ilinyooka. Tulisema mume. Tulisema mpenzi wa zamani. Tulisema hizi ni dhuluma za kimapenzi na zina dalili, na kila mtu akaanza kutaja dalili: wivu, pesa, mali, kufuatwafuatwa. Wanariadha wenzake Tirop wakaanzisha shirika, Tirop's Angels. Januari 2024 maelfu wakaingia barabarani kupinga mauaji ya wanawake.

Kwa Chiloba, hakuna aliyetaja dalili. Hakuna aliyeuliza kama kulikuwa na makofi kabla ya soksi. Sisemi yalikuwepo, mimi sikuwa ndani ya hiyo nyumba. Nasema hatukuuliza. Na swali ambalo halijawahi kuulizwa halitamsaidia yule mwingine ambaye sasa hivi, ukisoma hii, anapigwa ndani ya bedsita fulani na bado yuko hai.

Huyo ndiye naongea juu yake. Wafu tumewazika.

Tuje hapa nyumbani. Mimi naishi Kabianga. Ukitoka chuo kikuu ukifuata barabara, ni ploti baada ya ploti, halafu majani chai mpaka macho yachoke. Ukuta wa hizi ploti zetu ni mwembamba mpaka mtu akipiga chafya upande wa pili unamwambia pole. Tunasikiana vyote. Mume na mke wakianza kurushiana sufuria, kuna mtu atabisha. Akikosa kubisha, ataita keretaka. Keretaka akikosa, mama wa kibanda atamwambia yule msichana asubuhi, "Mwanangu, rudi kwenu upumzike kidogo." Si msaada mkubwa, lakini ni kitu. Kuna mtu amekubali kwamba kilichotokea kimetokea.

Sasa wakiwa ni vijana wawili wa kiume, au wasichana wawili, tunafanya nini? Tunaongeza sauti ya muziki. Asubuhi tunasema "marafiki wamekosana." Au mbaya zaidi, sisi wenyewe tunajua kabisa si marafiki, na tunanyamaza juu tunaona ni haki yao. Uso umevimba, na jirani anaukadiria kama faini.

Na anayepiga anajua haya yote. Hapo ndipo penye siri ya mtungi. Mume anayempiga mkewe ana ngumi, ana pesa, labda ana ukoo nyuma yake. Anayempiga mpenzi wa jinsia moja ana hizo zote na ana kitu cha ziada: siri. "Ukiniacha, nampigia mamako simu usiku huu." "Ukiripoti, natuma picha kwa grupu ya darasa." "Enda polisi basi, uone nani atalala ndani." Hahitaji kukupiga kila siku. Ameshakushika mahali pasipoonekana, anavuta kidogo tu, unarudi.

Hiyo siri haikuwa rungu yenyewe. Sisi ndio tuliichonga ikawa rungu. Kila baba anayesema "mtoto wangu akiwa hivyo simjui" ameichonga. Kila mchungaji, kila mwalimu, kila skrinshoti tunayosambaza tukicheka. Tulipomaliza, tukampa anayepiga. Kwa hivyo mkisema hamuhusiki, hapana. Rungu ina alama za vidole vyenu.

Watu wa Kericho na Bomet hawahitaji kufundishwa hii kitu, juu tumeiona kwenye majani chai. Februari 2023 BBC ilitoa uchunguzi: zaidi ya wanawake 70 walisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Kabianga, Kericho, Bomet, kila mtu alijifanya ameshtuka. Lakini wazee wetu waliofanya kazi kule hawakushtuka. Walijua zamani. Kwa nini wale kina mama walinyamaza miaka yote hiyo? Kwa sababu anayekudhulumu ndiye ameshika kazi yako, na kazi ndiyo imeshika nyumba ya kampuni unayolala, na nyumba ndiyo imeshika shule ya watoto. Ukisema neno moja, vitu vitatu vinaanguka. Hakuna aliyewaita wale kina mama wajinga. Tulielewa hesabu yao.

Sasa mbona hesabu ikiwa ile ile tunajifanya hatujui kuhesabu? Kijana wa miaka 20, kodi inalipwa na mpenzi, kwao hawezi kurudi juu wakijua watamfukuza, hosteli hana, HELB imechelewa. Ukimuuliza "mbona usiondoke?" unamuuliza swali ambalo hungemuuliza mchuma chai.

Sasa hoja zenu. Nimezisoma zote, tuzipitie.

Kwanza: "Si wote ni wanaume? Arudishe ngumi." Buda, dhuluma ya nyumbani haijawahi kuwa ndondi. Kuna wanaume wakubwa kama lori wanaopigwa na watu wadogo, kwa sababu mwenye nguvu ndani ya nyumba ni yule asiye na cha kupoteza. Nani analipa kodi? Nani anajua paswedi ya mwenzake? Nani familia yake inajua tayari, na nani yake haijui? Jibu hizo ndio utajua nani anaogopa nani. Na wakiwa wasichana wawili mnasema kinyume: "wasichana hawawezi kuumizana." Kwa hivyo mwanaume hawezi kupigwa juu ni mwanaume, na mwanamke hawezi kupiga juu ni mwanamke. Mmefunga milango yote miwili, mtu atokee wapi?

Pili: "Hiyo ndiyo matunda ya hayo mapenzi yao." Sawa. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022, ule wa KDHS, ulipata kwamba asilimia 34 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wameshawahi kupigwa tangu wafike miaka 15, na kwa wale waliowahi kuolewa anayetajwa zaidi ni mume. Hayo ni matunda ya mapenzi gani? Ukisema kipigo cha Chiloba kinathibitisha ushoga ni mbaya, basi kipigo cha mamako kinathibitisha nini? Dhuluma haijali umelala na nani. Inajali nani anaweza kukunyamazisha.

Tatu: "Hizi ni tabia za kigeni, zisiletwe kwetu." Hapa niende polepole, juu watu wa Kipsigis na Nandi wenzangu mko karibu. Mnajua vizuri kwamba kwetu mwanamke asiye na mtoto wa kiume angeweza kuoa mwanamke, alipe mahari, apate watoto wa kurithi boma. Mwaka wa 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa iliikubali ndoa ya namna hiyo kwenye kesi ya urithi. Sasa msininukuu vibaya: hiyo haikuwa mapenzi ya kitandani, na yeyote anayewaambia bibi zetu walikuwa wasagaji anawapaka matope na hajui mila. Hoja yangu ni nyingine. Mila yetu iliweza kuangalia nyumba yenye wanawake wawili ikauliza maswali ya nyumba: nani analisha, nani anarithi, nani ana haki gani hapa. Haikuhitaji kuchungulia kitanda ndio ijue kwamba hapo ni nyumba na ndani kuna watu. Leo sisi, wenye intaneti na digrii, tunaanza na kitanda na tunaishia kitandani. Mtu anavuja damu mlangoni.

Na mtashangaa, sheria ya Kenya nayo inauliza maswali ya nyumba. Mimi chuo niliacha, kusoma sikuacha, na sheria za nchi hii ziko mtandaoni bure. Fungua Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Nyumbani ya 2015. Angalia inasema nani yuko kwenye uhusiano wa kinyumbani. Wameorodhesha waliooana, waliowahi kuoana, waliochumbiana, jamaa, wenye mtoto pamoja. Sawa. Lakini pia: mtu anayeishi nawe nyumba moja. Na pia: mtu mwenye uhusiano wa karibu wa kibinafsi nawe. Haijaandika lazima mmoja awe mke. Hiyo sheria inamruhusu hakimu kumpa mtu amri ya ulinzi, yule anayempiga asimkaribie. Na haihesabu ngumi peke yake. Imetaja vitisho, kufuatwafuatwa, kunyimwa pesa, kuharibiwa vitu, kuteswa kiakili.

Ongeza hii: kumjeruhi mtu ni kosa kwa kifungu cha 251 cha Kanuni ya Adhabu, hadi miaka 5, na hakuna penye wameuliza kama mliwahi kupendana. Ile ya picha pia iko: kusambaza picha za faragha za mtu ni kosa chini ya sheria ya makosa ya mitandao ya 2018, faini hadi shilingi 200,000 au miaka 2 ndani, au vyote. Na sheria ya makosa ya kingono ya 2006 haikusema anayebakwa lazima awe mwanamke. Kulazimishwa ni kulazimishwa, hata na mtu mnayelala kitanda kimoja.

Sitawadanganya kwamba mambo ni rahisi hivyo. Kanuni ile ile ya Adhabu ina kifungu cha 162, hadi miaka 14, na cha 165, hadi miaka 5, vyote vya enzi za mkoloni. Watu walienda kortini kuviondoa, na tarehe 24 Mei 2019 Mahakama Kuu ikakataa. Kwa hivyo mtu amesimama kaunta ya polisi na jicho limevimba, mfukoni ana sheria inayomlinda, na ukutani kuna sheria inayomtisha. Askari akiuliza "huyu ni nani wako?" koo linakauka. Anayepiga anakijua kifungu cha 162 kuliko mawakili wengi. Anakisoma kila usiku, kwa sauti.

Ndio maana mkisema hizo sheria "hazitumiki, ziko tu kwenye makaratasi," mnakosea. Zinatumika kila siku. Anayezitumia si hakimu, ni yule aliye ndani ya nyumba.

Na tunaweza kuharibu zaidi. Uganda ilipitisha sheria Mei 2023 iliyowalazimisha watu kuripoti wanaowashuku. Mahakama yao ya Katiba ilifuta sehemu hiyo Aprili 2024, lakini sheria karibu yote ikabaki. Jiulize ile sehemu ingefanya nini kwenye ploti zetu. Jirani akisikia kelele akapiga simu, wangeshikwa wawili: aliyepiga na aliyepigwa. Nani angepiga kelele tena? Na hapa kwetu mbunge Peter Kaluma wa Homa Bay Town alitayarisha mswada wa kuongeza adhabu, akauita wa kulinda familia. Mswada wa hivyo hauwezi kuzuia watu wawili kupendana. Unachoweza ni kumwongezea anayepiga urefu wa rungu.

Sasa nageukia upande wangu, upande wa watetezi. Mlidhani nimewasahau.

Nyinyi ndio mnaniuma zaidi, kwa sababu mnajua. Mnajua majina. Kwenye grupu zenu za WhatsApp kuna mtu mmoja anajulikana kwamba anapiga, kila mpenzi wake anatoka na alama, na bado ndiye anayealikwa kila sherehe kwa sababu anachekesha na ana gari. Anayepigwa akijaribu kusema, anaambiwa: "Tafadhali usituaibishe. Unajua watatumia hiyo dhidi yetu." Kwamba tukikubali tunapigana, tutawapa maadui maneno.

Maadui wana maneno tayari, jamani. Hawajawahi kupungukiwa. Walicheka Chiloba alipokufa wakidhani ni chuki, wakacheka tena walipojua ni mpenzi. Huwezi kumnyamazisha mtu wa hivyo kwa kumnyamazisha ndugu yako aliyeumia. Unachofanya ni kumwambia aliyeumia kwamba heshima ya kundi ni kubwa kuliko shingo yake. Unajua nani mwingine husema hivyo? Familia. Ile ile iliyomfukuza. "Usitoe mambo ya nyumba nje." Amekimbia hiyo sentensi kwao, akaja kwenu akaikuta imemkalia mlangoni.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Hiyo methali iliandikiwa nyinyi.

Na kabla mtu aniulize kwa komenti kama mimi pia ni mmoja wao: hilo swali ndilo shida yenyewe. Jirani akipigwa, sijawahi kuulizwa kabila langu kabla ya kubisha mlango. Usiniulize hili.

Basi tufanye nini? Sina shirika, sina pesa, nina simu tu na bando ya wiki. Lakini nayajua haya, na hayahitaji digrii.

Wewe unayepigwa. Kupigwa kwako si faini ya kupenda ulivyopenda. Andika tarehe, piga picha za majeraha, zitume mahali ambapo yeye hafiki, kwa mtu mmoja unayemwamini. Ukienda kuripoti, ripoti kichapo. Sema: "Huyu tunaishi nyumba moja, amenipiga." Hilo latosha, na ni ukweli. Hujaitwa kueleza kitanda. Dai namba ya OB. Fomu ya P3 haiuzwi. Ukiwa umelazimishwa kingono, kimbia hospitali kabla saa 72 hazijaisha upate dawa za kuzuia HIV. Matibabu kwanza, polisi baadaye kama utataka. Na akikutisha kwamba watakupima makalio kwa nguvu kutafuta ushahidi: Mahakama ya Rufaa ilisema Machi 2018, kwenye kesi ya Mombasa, kwamba kumpima mtu hivyo bila ridhaa yake ni kinyume cha katiba. Namba ya bure ya dhuluma za kijinsia ni 1195, usiku na mchana. NGLHRC ya Nairobi wana mawakili wanaojua hizi kesi. Askari mmoja akikucheka, rudi siku nyingine na mtu. Usiende peke yako mara ya pili.

Wewe jirani. Bisha mlango. Si lazima uwapende, si lazima uelewe, si lazima ubadilishe dini yako. Bisha uombe chumvi. Bisha uulize kama stima imepotea kwao pia. Anayepiga anapenda ukimya, na kubisha kwako ni kumwambia kwamba kuna mtu amesikia. Asubuhi ukikutana na yule mwenye jicho limevimba, usimuulize ameanguka wapi. Mwambie, "Jana nilisikia. Ukihitaji pa kulala, mlango wangu ndio huu." Maneno kumi hivi. Gharama yake ni sifuri.

Wewe kiongozi wa wanafunzi, wewe mshauri wa chuo, popote ulipo, Kabianga au kwingine. Mnapopanga zile siku 16 za kupinga dhuluma za kijinsia kila Novemba, na mabango yake, semeni kwa sauti kwamba ofisi yenu inampokea yeyote aliyepigwa na mpenzi, na haitauliza jinsia ya mpenzi. Sentensi moja tu kwenye bango. Kuna mtu ataisoma mara tatu akipita, bila kusimama, na atakumbuka ofisi iko wapi.

Na wewe unayepiga. Najua unasoma, kwa sababu watu wa aina yako husoma kila kitu ambacho mpenzi wao anasoma. Umezoea kusema hakuna atakayemwamini. Eldoret, yule mwingine naye aliweka kila kitu ndani ya sanduku akafunga. Halikukaa limefungwa. Sasa anahesabu miaka 50.

Chiloba hakuhitaji tumpende akiwa maiti. Mtu kama yeye anahitaji jirani anayebisha akiwa hai. Hizi kuta zetu ni nyembamba, na sisi tunasikia. Leo usiku ukisikia, usiongeze muziki.